Kupiga Picha ya Chanzo: Masisi, Walikale na Kazi ya Mpiga Picha wa Habari



Fikirieni picha za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mlizowahi kuziona. Sina haja ya kuzionyesha ukutani, mnazo vichwani. Mama amejitwika godoro, mtoto mgongoni, dumu la njano mkononi, na nyuma yake barabara ya Sake imefurika watu. Safu za vibanda vya turubai juu ya mawe meusi ya volkano. Kijana aliyepakaa tope hadi kwenye kope, anachungulia kutoka shimoni. Mwanamume mwenye bunduki na magwanda yasiyolingana. Picha hizi ni za kweli, na wengi waliozipiga walihatarisha roho zao. Lakini chukueni za 1996, za 2008, za 2012 na za 2024, zifuteni tarehe, kisha mpeni mtu azipange kwa miaka. Atakwama. Pengine simu iliyo mkononi mwa mkimbizi ndiyo itakayomsaidia kubahatisha.

Nimekaa kwenye dawati la picha muda mrefu kiasi cha kujua kwa nini iko hivyo. Tunapiga picha za matokeo. Matokeo yana sura, yana machozi, yana moshi. Chanzo hakina sura ya namna hiyo. Hati ya shamba iliyoandikwa mjini na mtu ambaye hajawahi kulikanyaga shamba lenyewe haitoi moshi. Ushuru unaotozwa kila anayepita na beseni la ndizi haupigi kelele. Kwa hiyo mpiga picha anafika baada ya mambo kuharibika, anapiga kilichoharibika, anaondoka, na msomaji wa Dar es Salaam au wa Brussels anabaki akiamini kwamba Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, ni mahali ambapo watu hukimbia, basi, kama vile kukimbia ni tabia ya nchi, mithili ya mvua.

Mhadhara wangu leo ni juu ya swali moja: je, chanzo kinapigika picha? Najibu kwamba kinapigika, ila kwa gharama kubwa zaidi ya muda, miguu na wino.

Nianze mbali kidogo, nje ya Kivu, maana picha ninayoiheshimu kuliko zote zilizopigwa Kongo ina miaka zaidi ya 120. Mei 1904, katika misheni ya Baringa, upande wa Ikweta, mwanamke Mwingereza aitwaye Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala. Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, mwili umeinama kidogo. Mbele yake, sakafuni, kuna vitu viwili vidogo ambavyo jicho halivitambui mara moja. Wanaume wengine wamesimama pembeni. Hakuna damu inayotiririka, hakuna anayelia. Mpaka usome maelezo ndipo unajua kwamba vitu vile ni mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyojulikana kama ABIR kwa sababu kijiji hakikutimiza kiwango cha mpira kilichodaiwa.

Angalieni kazi iliyofanyika pale. Jina la baba limeandikwa. Jina la mtoto limeandikwa. Kijiji kimetajwa, kampuni imetajwa, bidhaa imetajwa. Picha peke yake ingekuwa ya mtu mwenye huzuni barazani. Maelezo ndiyo yaliyoibeba kutoka kwenye huzuni hadi kwenye mashtaka. Alice na mumewe John walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha hizo kwa taa ya kuangaza ukutani, wakisimulia moja baada ya nyingine, na vuguvugu lile likawa miongoni mwa mambo yaliyomlazimisha Mfalme Leopold II kuiachia Ubelgiji milki yake mwaka 1908. Mark Twain alipoandika kijitabu chake cha kumkejeli Leopold mwaka 1905, alimfanya mfalme huyo ailaani kamera kama shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Naona Twain aliisifu kamera kupita kiasi. Shahidi yule asingekuwa na lolote la kusema kama Alice asingeuliza maswali na kuandika majibu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuwahi kuwa wahariri wa picha.

Sasa twendeni Masisi. Mtu akitoka Goma kwa barabara ya magharibi, akapita Sake na kuanza kupanda kuelekea Mushaki, anakutana na mandhari ambayo wageni hulinganisha na Uswisi: vilima vya kijani kibichi, ng'ombe wanalisha, ukungu wa asubuhi bondeni, na jibini la Masisi linauzwa kando ya njia. Kila mpiga picha husimama hapo. Hata mimi ningesimama. Kadi inajaa kijani, kisha mtu anaandika chini yake kwamba ni nchi nzuri iliyoharibiwa na vita.

Kijani hicho, ndugu zangu, ndicho chanzo chenyewe, kimelala mbele ya lenzi mchana kweupe. Sehemu kubwa ya vilima vile ilikuwa msitu. Msitu ulifyekwa ili kupata malisho na mashamba makubwa, kuanzia enzi za walowezi wa Kibelgiji. Ili kupata mikono ya kufanya kazi, kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko Wanyarwanda kwa makumi ya maelfu, ikawaundia hata eneo lao la utawala, Gishari, katikati ya ardhi ya wenyeji Wahunde, kisha ikalifuta kabla ya kuondoka. Mwaka 1973 sheria ya Zaire ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na waliokuwa na marafiki Kinshasa wakajipatia hati za mashamba ambayo tayari yalikuwa na watu. Machi 1993 mauaji yakaanza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, yakasambaa Masisi nzima, maelfu wakafa. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na simu ya mkononi ya kulaumiwa kwa madini ya coltan.

Unaipigaje picha ya hayo? Napendekeza uanze na uzio. Masisi ina nyua za miti na za waya zinazopanda vilima, upande mmoja ng'ombe, upande wa pili familia inalima maharage kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mkulima husimama kama anayepanda ngazi. Simama mahali ambapo fremu moja inashika pande zote mbili. Halafu mtafute mlinzi wa ng'ombe, uliza ng'ombe ni wa nani, na mwenye nao anaishi wapi. Mara nyingi jibu litakutoa kilimani hadi Goma au mbali zaidi. Hiyo ni picha ya pili. Ya tatu ni karatasi: hati, ramani ya upimaji, barua ya mwami, yaani chifu wa jadi, hukumu ya baraza. Karatasi hupigwa picha vizuri sana kwa mwanga wa dirishani, na mkono wa mzee unaoishika husema mambo ambayo uso wake hautakubali kuyasema mbele ya mgeni.

Hapa lazima nimtaje Richard Mosse, raia wa Ireland, kwa sababu vijana huniuliza habari zake kila mara. Mosse alizunguka Kivu akiwa na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, iliyobuniwa kwa matumizi ya kijeshi ili kumfichua adui aliyejificha kwenye majani. Filamu hiyo huona mwanga ambao jicho letu halioni, na majani mabichi hutoka ya waridi. Vilima vya Masisi vikawa vya waridi, waasi wakasimama kwenye majani ya waridi, na mwaka 2013 kazi yake *The Enclave* ikaonyeshwa kwenye skrini sita katika banda la Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Wapo waliosema amepamba vita. Mimi namsifu kwa jambo moja: aliwalazimisha watu waliozoea kupitisha macho juu ya Kongo wasimame watazame. Lakini nilitamani mtu mmoja pale Venice auandikie umma kwamba nyasi zile za waridi ni nyasi zenye wenyewe, na kwamba swali la nani mwenyewe ndilo lililojaza makaburi. Rangi iliwaka, chanzo kikabaki gizani.

Nimesema sana juu ya Masisi kwa kuwa inaonekana. Walikale haionekani. Ni wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, wakati Masisi haifiki 5,000, na sehemu kubwa ni msitu. Ndani ya msitu mwanga ni haba, unyevu unaingia kwenye lenzi kama ukungu wa kioo cha bafuni, betri inakufa na hakuna umeme wa kuichaji. Mpiga picha wa Walikale hufunga kamera kwenye mfuko wa nailoni, hubeba kitambaa kikavu tumboni, na hujifunza kukubali chembechembe kwenye picha kwa sababu njia nyingine ni kutumia mwako wa taa, na mwako ndani ya msitu wenye watu wenye silaha ni kuita balaa.

Huko ndiko iliko Bisie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walianza kuchimba mawe ya bati kwenye mlima huo, maelfu wakamiminika, mji wa mbao na turubai ukaota msituni. Hakukuwa na barabara. Wapagazi walibeba mifuko ya kilo 50 kwa mguu kupitia msituni hadi kufika barabara kuu. Kutoka hapo mawe yalipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe, magari yakisimamishwa pembeni. Zikaruka hadi Goma, kwenye maghala ya wanunuzi. Kutoka Goma yakavuka mpaka kuelekea bandari za pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kisha melini hadi kwenye viwanda vya kuyeyushia bati huko Asia. Bati likaja kuwa lehemu ya kuunganishia vipande ndani ya vifaa vya umeme, kamera zenu zikiwemo.

Picha ya mpagazi wa Bisie ilizunguka dunia. Mtu ameinama, mfuko mgongoni, mishipa ya shingo imetutumka, matope hadi magotini. Ilitumika kwenye ripoti, kwenye mabango, na filamu ya Frank Piasecki Poulsen wa Denmark ya mwaka 2010 ilimfikisha mtazamaji hadi shimoni na kumrudisha kwenye simu yake. Kampeni ikawa nyepesi kueleweka: simu yako ina damu. Julai mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yanatoka wapi, na Septemba Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Mpagazi yule yule aliyekuwa kwenye bango akakosa kazi. Wenye bunduki walikuwa na njia nyingine za kula.

Mtafiti Séverine Autesserre aliandika mwaka 2012 kwamba simulizi za Kongo zilikuwa zimebanwa kwenye mambo matatu: madini kama chanzo, ubakaji kama matokeo, na kuimarisha serikali kama dawa, na kwamba ubanaji huo uliwaumiza walewale uliokusudiwa kuwasaidia. Nimewahi kuwasomea wapiga picha hoja hiyo wakanuna. Lakini hebu pitieni kazi zenu. Ni nani kati yenu ana picha ya barieri?

Naam, barieri. Kamba au mti uliolazwa juu ya vijiti viwili vya panda, benchi moja, daftari, na mtu anayeandika. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini ikahesabu 798. Mia saba tisini na nane! Vingine vya jeshi, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya watawala wa kiraia. Hapo wanalipa wenye makaa, wenye ndizi, wenye mawese, wenye madini, na mama anayekwenda sokoni na kuku wawili. Wachumi wa vita watakuambia kwamba barieri inalisha bunduki nyingi kuliko mgodi, kwa maana mgodi uko mahali pamoja na njia ziko kila mahali. Hata hivyo kwenye picha za Kivu barieri haimo, kwa sababu inayoeleweka: ukiinua kamera mbele yake utanyang'anywa kamera, na ukiwa na bahati utaachiwa viatu.

Basi usiinue kamera. Kuna stakabadhi. Anayelipa mara nyingi hupewa kipande cha karatasi au jetoni ili asilipishwe tena barieri ya mbele. Karatasi hizo zinakaa kwenye pochi za wafanyabiashara na kwenye mikunjo ya vitenge. Keti na mfanyabiashara mmoja nyumbani kwake, mahali salama, mwombe azitandaze mezani kwa mpangilio wa safari yake, kutoka kijijini hadi sokoni. Funika jina na namba. Pigia juu, mwanga wa pembeni ili mihuri ionekane. Meza hiyo moja yenye vikaratasi saba au kumi ni ramani ya vita vya Kivu kuliko bunduki mia. Rubaya, mji wa coltan wa Masisi unaotoa kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 15 ya coltan ya dunia, ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza utawala mpya kwa njia hiyohiyo: nani anatoza nini, kwa kilo ngapi. Walitumia maneno. Sisi tungeweza kutumia meza.

Niingie sasa kwenye jambo zito, na nitakwenda polepole. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi yenye silaha yalivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, wilayani Walikale. Luvungi ndicho kilichojulikana zaidi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliorodhesha watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kambi ya walinda amani ilikuwa kwenye barabara hiyohiyo, kule Kibua. Habari zilipotoka, waandishi na mashirika walikwenda kwa wingi, na wanawake walewale wakaulizwa maswali yaleyale na wageni tofauti, tena na tena.

Kuna ustadi wa kumficha mtu kwenye picha ambao wengi wetu tunaudhani ni rahisi. Tunampa kisogo, tunampiga kivuli dhidi ya dirisha, tunatia ukungu usoni, tunaona tumemaliza. Katika kijiji cha nyumba hamsini, kitenge kinamtaja mwenyewe. Kovu la kifundo cha mguu linamtaja. Mlango wenye bati la bluu unamtaja, na mtoto aliyekaa miguuni pake anamtaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu kuna kamera yenyewe, ambayo huandika ndani ya faili saa, tarehe, na mara nyingine mahali kamili ulipokuwa umesimama. Mhariri mjini hatafungua taarifa hizo, lakini mtu mwingine anaweza. Zima kipimo cha mahali kabla hujavuka Sake. Mwombe mhojiwa avae nguo ya kuazima. Muulize kama anataka picha, na muulize tena siku ya pili, kwa sababu jibu la siku ya kwanza mara nyingi ni heshima tu kwa mgeni.

Pia kuna njia ya kumwacha kabisa. Luvungi ilikuwa na mambo ambayo hayakumhitaji mwathirika hata mmoja mbele ya kamera: barabara kutoka kijijini hadi kambi ya walinda amani, kilomita kwa kilomita, kijiji kisichofikiwa na mtandao wa simu, miaka kumi ya kungoja. Ntabo Ntaberi, anayefahamika kama Sheka, kiongozi wa mojawapo ya makundi yale, alijisalimisha kwa MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, Julai 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Mahakama si mahali penye msisimko kwa mpiga picha. Taa mbovu, watu wameketi, majalada yamefungwa kwa kamba. Lakini mkulima wa Walikale aliyesafiri kwenda kusikia neno “hatia” likisomwa anastahili fremu kuliko mwenye bunduki yeyote niliyewahi kuletewa mezani.

Nirudi kwenye usimulizi wenyewe, maana picha nzuri zisizo na mpango ni lundo. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga aitwaye Shé-Kárisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo, yule shujaa aliyezaliwa anatembea na kuongea, ambaye baba yake Shemwindo alikuwa ameapa hataki mtoto wa kiume. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza kwa siku 12, na kitabu kilichapwa mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Nchi ya Wanyanga ndiyo hiyohiyo Walikale. Kinachonivutia ni kwamba kwa desturi simulizi ile haikutolewa yote kwa mfululizo mmoja. Msimulizi alichagua sehemu moja au mbili kwa usiku huo, na haikuwa kasoro, kwani wasikilizaji walikuwa wanaijua iliyobaki. Walijua Tubondo, kijiji cha Shemwindo, ni wapi na Mwindo kaanzia wapi.

Msomaji wetu hajui iliyobaki. Tunamtupia sehemu ya vita, bila ya kuzaliwa, bila ya kiapo cha baba. Kwa hiyo mpiga picha wa Kivu anadaiwa siku zote 12. Ukiniletea picha kumi za Masisi, nitauliza: ipi inaniambia ardhi hii ni ya nani? Ipi inanionyesha pesa ikibadilisha mikono? Ipi inanionyesha siku ya kawaida, harusi, chukudu, ile baiskeli ya mbao, limepakia viazi linateremka mlima na kijana akifunga breki kwa kandambili? Siku ya kawaida ina kazi yake kwenye mfululizo: bila hiyo msomaji hana kipimo cha kilichopotea. Na ipi inanionyesha baadaye? Februari 2025, M23 ilipokwisha kuitwaa Goma, wakimbizi wa kambi zilizouzunguka mji waliamriwa warudi makwao. Picha za watu wakikunja maturubai zilinifikia kwa wingi. Za watu walewale wiki tatu baadaye, wamesimama mbele ya shamba ambalo mtu mwingine ameshalipanda, zilikuwa chache mno, na hapo ndipo vita vijavyo vinapoota.

Kuacha chanzo nje ya fremu hakukuanzia Kongo. Oktoba 1984 Mohamed Amin wa Nairobi alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, na dunia ikatoa pesa kuliko ilivyowahi kutoa. Heshima yake haifutiki. Lakini watazamaji wengi walibaki wakiamini ni ukame tu uliowaua wale watu, na vita vya mtawala wao Mengistu kule kaskazini vikapita pembeni ya fremu.

Nani afanye kazi hii ya siku 12? Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka, Finbarr O'Reilly, aliyekuwa amepewa tuzo ya Carmignac ili aipige picha Kongo, alishindwa kuendelea na safari zake. Akageuza mradi na kuwashirikisha wapiga picha wa Kikongo: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Ley Uwera, Raissa Karama Rwizibuka, Pamela Tulizo na wenzao. Ilichukua gonjwa la dunia nzima kuwafanya wenye tuzo wagundue kwamba Goma kuna wenye kamera! Wapiga picha wenyeji wengi kabla ya hapo walikuwa wakiwatafsiria na kuwaongozea wageni, wakibeba mikoba yao na kuwaepusha na barieri mbaya, kisha picha ikatoka na jina la mtu mmoja tu.

Mwenyeji ana uwezo wa kurudi, na kurudi ndiko kunakozaa picha ya chanzo. Lakini nisiwape sifa za bure. Mwenyeji ana kabila, ana mjomba kwenye kundi fulani, ana kilima anachoweza kupanda na kingine ambacho hakanyagi. Akipiga uzio wa Masisi, watu watauliza kwanza jina la ukoo wake. Dawa ninayoijua ni wawili wawili: mtu wa kilima hiki na mtu wa kilima kile, kwenye mradi mmoja, wakisomeana maelezo ya picha kabla hayajatumwa. Watagombana. Ugomvi huo ufanyike mezani, kwa kalamu.

Na maelezo yaandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Nimepokea mara nyingi mstari kama huu: “Mkimbizi wa vita, mashariki mwa Kongo.” Linganisheni na huu niliouunda kwa mfano: “Mkulima wa maharage kutoka kijiji cha jirani na Sake, akiwa kambi ya Bulengo, magharibi mwa Goma, Machi 2024. Aliondoka Februari, mapigano yalipofika barabarani. Shamba alilikodi kwa msimu, na kodi alikuwa ameshailipa.” Sentensi ya mwisho ndiyo niliyomlipia nauli mpiga picha. Jina nitaliweka akiniruhusu na kama halitamletea mtu mlangoni usiku. Nikiliacha, nitaandika kwamba nimeliacha.

Andikeni kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Wakala wa Paris atataka cha kwake, lakini mwanafunzi wa Nyabiondo au wa Pinga atakayetaka kujua mwaka 2050 babu yake alilima wapi hatakwenda kutafuta Paris. Wekeni nakala mbili, moja nje ya mji mnaoishi, kwa sababu mnajua miji hiyo inavyobadilisha mikono. Na mkimpiga mtu picha, mpelekeeni nakala iliyochapwa kwenye karatasi. Studio za Goma huchapa kwa bei ndogo, na kwa familia nyingi za Masisi picha pekee ya baba iliyobaki ni ile ya kadi ya kura.